Hali Iliyoachwa Mlangoni

Asiyeulizwa hali hujibu kwa kuanguka.

Mmelisikia neno hilo leo asubuhi, kocha alipomsimamisha mwenzenu katikati ya raundi akamuuliza kichwa chake kikoje, nanyi mkacheka. Mlidhani anambembeleza kama mtoto anayeachishwa ziwa. Sasa mmekuja kuniuliza neno lenyewe limetoka wapi. Kaeni, basi. Fungueni kwanza hizo bendeji mikononi, maana hadithi hii haifai kusikilizwa na mtu aliyekunja ngumi. Methali nyingi hazina mwenyewe, hakuna anayejua nani alizitamka kwanza. Hii ina mwenyewe, na ina kaburi. Chanzo chake ni hiki.

Hapa Tanga, kabla wazazi wenu hawajajuana, palikuwa na mwalimu wa ngumi akiitwa Semhando. Alikuwa Mbondei wa upande wa Muheza, mtu wa miraba minne, mwenye sauti nzito na mikono iliyojaa makovu ya miiba ya mkonge. Ujana wake aliumalizia shambani akikata mkonge. Huko ndiko alikojifunza kazi, na huko ndiko alikolipata kosa lake. Kila alfajiri nyapara alisimama mbele ya wakataji akaita majina, na aliyethubutu kusema kwamba amelala na homa alijibiwa neno lile lile: "Mkonge haukuulizi umelalaje." Watu walicheka, na mgonjwa akashika panga lake. Semhando mwenyewe aliwahi kukata mkonge huku malaria inamtetemesha, akamaliza fungu lake, na nyapara akamsifu mbele ya wote. Sifa ile hakuisahau.

Baadaye alihamia mjini, akapigana ngumi miaka kadhaa, taya likavunjika, akaona heri afundishe. Alipata ghala bovu kule Makorora, karibu na reli. Mifuko ya kupigia aliishona kwa magunia akaishindilia taka za mkonge. Kamba za ulingo nazo zilikuwa za mkonge, zikikuchubua mgongo ukizigusa tu. Hapakuwa na kioo wala feni, na mvua ikinyesha vijana walihamisha mifuko wakiepa matone.

Sasa sikilizeni vizuri, msije mkadhani kwamba mtu huyu alikuwa mjinga. Wakati ule walimu wengi wa ngumi walifundisha kwa kubahatisha. Leo vijana wanakimbia, kesho wanapigana mpaka mmoja atokwe damu, keshokutwa mwalimu mwenyewe hayupo, yuko harusini. Semhando alikaa akafikiri. Alichukua chaki akaandika ratiba ukutani, herufi kubwa, kila siku na kazi yake. Siku ya miguu walikimbia kando ya reli kabla jua halijatoka, wakirudi wanaruka kamba. Siku ya mikono walirudia ngumi moja tu, ya kushoto iliyonyooka, mpaka ikawa inatoka na kurudi yenyewe kidevuni. Kulikuwa na siku ya tumbo na shingo, siku ya mfuko, na Jumamosi ilikuwa ya kupimana ulingoni, wawili wawili, kwa kengele. Pambano likikaribia, kazi nzito zilipungua na za wepesi zikaongezeka. Nusu ya mnayoyafanya humu ndani leo aliyabuni yeye.

Ratiba ilizaa matunda. Vijana wa Makorora walianza kushinda hapa mjini, kisha wakashinda Korogwe, kisha wakaenda Moshi wakarudi na kombe. Walimu wa kwingine walikuja kusimama mbele ya ukuta ule wakainakili. Semhando aliwakaribisha wote, maana hakuwa mchoyo, na moyoni alifurahi sana kuonekana mtu wa maana. Aliamini kwamba ratiba yake haina pengo.

Pengo lilikuwa mlangoni. Kila kijana aliyeingia alivua kandambili zake nje ya kizingiti, na mwalimu alikuwa akiwakumbusha kwa sauti kuu, "Viatu na hali, mlangoni!" Maana yake ni kwamba ukishavuka kizingiti huna homa, huna njaa, huna msiba, una ngumi tu. Aliyesahau akasema goti linamuuma hakupigwa wala kufukuzwa. Alipewa ndoo. Siku nzima alizunguka akiwanywesha wenzake maji, nao wakamwita Bi Ndoo. "Bi Ndoo, huku! Bi Ndoo, koo limekauka!" Semhando alicheka pamoja nao, bila ubaya, kama alivyocheka zamani kwenye mstari wa mkonge. Hakuna kijana aliyekubali kubeba ndoo ile mara ya pili.

Basi siku moja akaja mwanamke wa Kidigo, Bi Mwanamkasi, msuka mikeka, mjane, akiwa amefuatana na mwanawe. Kijana huyo aliitwa Mbaruku. Alikuwa kibarua wa waashi, mrefu, mkimya, ana mikono inayofika magotini. Mama alimwambia Semhando, "Mwalimu, huyu sina mwingine. Nakukabidhi kama nilivyomkabidhi chuoni kusoma Kurani alipokuwa mdogo. Mimi sitakuja kuchungulia kazi yako." Nanyi mnajua desturi yetu watu wa pwani. Mtoto akishakabidhiwa kwa mwalimu, mzazi anayepita kila siku kuuliza huonekana hamwamini mwalimu, na hiyo ni aibu. Semhando aliipokea amana hiyo kwa mikono miwili.

Naye alimpenda kijana yule. Hakuwa na mtoto wa kiume, na Mbaruku alikuwa na kila kitu ambacho mwalimu wa ngumi huomba usiku: miguu myepesi, jicho kali, na adabu. Alimpenda kwa namna pekee aliyoijua, ndiyo kumwongezea kazi. Wengine wakiruka kamba raundi moja, Mbaruku aliruka mbili. Kijana hakulalamika kamwe. Kila akimaliza aligeuka kumtazama mwalimu, na mwalimu akaitikia kwa kichwa kidogo tu, na hilo likamtosha.

Likatangazwa pambano kubwa. Bondia mmoja wa Moshi, ambaye alikuwa hajapata kushindwa, angekuja Tanga kupigana na Mbaruku. Mji mzima ulizungumza. Semhando aliona miaka yake yote ya jasho inakaribia kulipwa, na kwamba akishinda kijana huyu, hakuna atakayesema tena kwamba Makorora ni ghala bovu la mkonge.

Jumamosi moja, majuma machache kabla ya pambano hilo, Mbaruku alipimana na mwenzake Hoza. Hoza huyu alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, kijana mnene mwenye mkono mzito. Katika kurushiana ngumi, moja ya Hoza ilimpata Mbaruku juu ya sikio. Aliyumba, akaugusa ulingo kwa mkono mmoja, kisha akasimama haraka akatabasamu. Semhando alipiga makofi. "Mmeona? Huyo ndiye mtu! Endeleeni." Kengele ikagongwa, wakaendelea.

Tangu siku hiyo Mbaruku hakuwa yule yule. Jua lilimuumiza macho. Nyuma ya ghala, asubuhi moja baada ya kukimbia, Hoza alimkuta ameinama anatapika.

"Mwambie mwalimu," Hoza alisema.

"Nimwambie nini? Nikabebe ndoo na pambano liko mlangoni? Watu wa Moshi wasikie kwamba mpinzani wao ni Bi Ndoo?" Mbaruku alijifuta mdomo. "Itapita tu. Wewe nyamaza."

Hoza akanyamaza.

Semhando naye hakuwa kipofu. Aliona kwamba kamba inamnasa kijana miguuni, yeye ambaye zamani aliruka huku amefumba macho. Aliona mkono wa kushoto unachelewa kurudi kidevuni. Aliona mara moja Mbaruku akinyoosha mkono kuchukua taulo iliyoning'inia ukutani akaikosa, akainyooshea tena. Yote hayo aliyaona na yote aliyafasiri vibaya. Alidhani sifa za mjini zimemlevya kijana, ameanza uvivu. Kwa hiyo alichukua chaki, akaenda kwenye ratiba yake, na chini ya jina la Mbaruku akaongeza: mbio mpaka darajani badala ya mpaka stesheni, na raundi nyingine ya mfuko. Kijana alisoma, akaitika, "Sawa, mwalimu," akaenda kukimbia.

Alhamisi moja alasiri, kelele za mazoezi zikiwa zimepamba moto, Semhando alisikia hodi. Alipotoka alimkuta Bi Mwanamkasi amesimama nje ya kizingiti, kwenye kandambili za vijana, amejitanda kanga mpaka kwenye paji la uso. Hakuwahi kufika tena pale tangu siku ya kumkabidhi mwanawe.

"Karibu, Bi Mwanamkasi. Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu. Wewe hujambo?"

"Mimi sijambo. Habari za nyumbani?"

"Njema," alisema yule mama, akainamisha macho. "Njema, mwalimu, ila..."

Hapa ngojeni kidogo. Nyinyi ni Waswahili, mnatujua. Hata nyumba ikiwaka moto, mtu akituuliza habari tutasema njema kwanza, ndipo tutaje moto. Njema ni adabu. Habari yenyewe iko kwenye ila. Mtoto wa miaka saba anajua kwamba ukisikia ila unanyamaza na kusubiri. Semhando alijua pia. Lakini nyuma yake kengele iligongwa, raundi ikaanza, akasikia mtu anaburuza miguu ulingoni na akili yake ikarudi ndani kabla ya mwili. Aliichukua njema akaondoka nayo.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kukiwa kwema nyumbani, na huku kwema. Mwanao atakupa heshima, Bi Mwanamkasi. Subiri utaona." Akageuka, akapiga kelele, "Inua mikono hiyo!"

Bi Mwanamkasi alisimama pale kitambo. Macho yake yalitafuta kandambili za mwanawe kati ya zile za wenzake, akaziona, moja imekatika ukanda ikafungwa kwa kamba. Kisha akaenda zake. Semhando alimwona kwa pembe ya jicho akipotea kwenye kona, na kitu kidogo kilimgusa moyoni, kwamba labda mama yule alikuwa hajamaliza. Alijiambia atampitia Ijumaa baada ya sala. Ijumaa ikafika, wageni wa kupanga pambano wakaja, akasahau.

Jumamosi wakapimana kama ratiba ilivyosema. Haikuwa siku ya nguvu, maana pambano lilikuwa karibu. Semhando mwenyewe alimwonya Hoza aguse tu, asipige. Na Hoza aligusa tu. Ilikuwa ngumi ya mchezo, ya kushoto, ambayo mtoto angeivumilia, na ilimfikia Mbaruku kwenye paji la uso. Mbaruku alianguka kama nguo iliyoteleza kwenye kamba ya kuanikia. Hakunyoosha hata mkono kujikinga.

Na Semhando alimhesabia. Ndiyo, vijana wangu, hilo ndilo lililomla mpaka akaingia kaburini. Aliingia ulingoni, akasimama juu ya kijana, akanyoosha kidole kama mwamuzi akahesabu mpaka mwisho, taratibu, kwa sauti ya ukali, akitaka kumtia aibu. Alipomaliza alisema, "Inuka, mvivu we."

Hoza alikuwa ameshapiga magoti, anang'oa glovu kwa meno. "Mwalimu, hainuki. Mwalimu, mtazame macho!"

Semhando akamtazama macho. Mboni ya jicho moja ilikuwa ndogo na ya jingine imefunguka pana, na macho yote mawili hayakuwa yakimwangalia mtu. Ndipo aliposhuka chini akamwinua kichwa kwenye mapaja yake, na kwa mara ya kwanza tangu amjue kijana yule akamuuliza. "Mbaruku, una nini, mwanangu? Unajisikiaje? Mbaruku, unaumwa wapi?" Alimuuliza pale ulingoni, akamuuliza juu ya mkokoteni waliompakia, akamuuliza njia nzima ya kwenda hospitali huku anakimbia kando, ameshika mkono wake wenye bendeji. Watu walisimama barabarani kumtazama mtu mzima anayekimbia peku akiuliza hali. Mbaruku hakumjibu. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri.

Daktari alieleza kwamba damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa, polepole, tangu ile ngumi ya kwanza. Angepumzishwa siku ile, pengine angepona. Ngumi ya mwisho haikuwa kitu, alisema, ilikuta mlango umeshafunguliwa.

Walimzika. Siku ya hitima wanaume walikaa nje kwenye mikeka, mikeka ile ile aliyoisuka marehemu akiwa mdogo, akimsaidia mamake kuchambua ukindu. Wanawake walikuwa ndani. Semhando alikaa karibu na mlango, macho yamemvimba, na watu walimpa pole kama mzazi, kwa sababu wote walijua alivyompenda. Lakini pole zile zilimchoma, na mtu anayechomwa hutafuta pa kujificha. Mtu mmoja aliposimulia maneno ya daktari, kwamba kijana lazima aliumwa kichwa siku nyingi, Semhando alitikisa kichwa akasema, "Laiti angesema! Siku zote hizo, neno moja tu. Ndiyo maana wahenga wakasema, mficha maradhi kifo humuumbua."

Watu wakaitikia kwa kuguna. Ni methali ya kweli, hakuna anayeikataa. Na ilimfaa Semhando, maana ilimtua mzigo mabegani ikamtwika maiti.

Pazia la mlangoni likasogea. Bi Mwanamkasi alitoka, peku, amejifunga kanga kiunoni, na uso wake ulikuwa mkavu.

"Mwalimu," alisema, "nani alificha?"

Semhando alisimama. "Pole sana, Bi Mwanamkasi. Nimesema kwa uchungu tu. Kijana hakuniambia kitu, Mungu ni shahidi."

"Ulimuuliza?"

Semhando aliinamia mkeka.

"Nakuuliza wewe, mwalimu, wala si kwa shari. Siku zote alizokuwa kwako, ulimwambia hata mara moja, Mbaruku, umeamkaje?"

"Sikumwambia," Semhando alisema. Sauti yake nzito ilikuwa imekwisha.

"Mimi nilimuuliza. Akanijibu. Usiku alijishika kichwa akalia, mwanamume mzima, akaniomba nisikwambie, eti utampa ndoo wenzake wamcheke. Nikajizuia, nikasema mtoto nimeshamkabidhi, nikienda nitamvunjia mwalimu heshima. Kisha moyo ukanikatalia, nikaja. Uliniona nilipokuja?"

"Nilikuona."

"Nilikwambiaje?"

"Ulisema nyumbani njema."

"Nilisema njema, ila." Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Njema ukaichukua. Ila yangu ukaniachia mlangoni, nikarudi nayo."

Mzee mmoja wa mtaa aliinua mkono. "Mama, haya ni ya Mungu. Tusilaumiane kwenye hitima."

"Simlaumu mtu, baba. Mungu amechukua chake. Lakini msinisingizie mtoto. Mwanangu hakuficha. Hakuulizwa hali, akajibu kwa kuanguka."

Akarudi ndani. Kilio kikaanza upya, na hakuna mwanamume aliyenyanyua kikombe chake cha kahawa. Semhando alitoka bila kuaga. Alikwenda moja kwa moja mpaka ghalani, akafungua, akasimama mbele ya ratiba yake, akaifuta kwa kiganja cha mkono mpaka ukuta ukabaki na vumbi jeupe. Kisha akaketi sakafuni.

Hakufungua tena mpaka arobaini ilipopita. Hoza hakugusa glovu maisha yake yote. Alipata kazi ya utingo kwenye malori ya bara, na waliomwona walisema alikuwa akikaa peke yake, akiangalia mkono wake wa kushoto. Semhando alikwenda kwa Bi Mwanamkasi kumwomba radhi. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Nimekusamehe mbele ya Mungu. Kukuona ndiko siwezi." Semhando alimwelewa. Tangu siku hiyo aliukwepa mtaa ule, hata kama njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu.

Alitaka kuurudisha ufunguo wa ghala kwa wenyewe. Lakini asubuhi aliyokwenda kutoa vitu vyake aliwakuta vijana wachache wamekaa kizingitini, viatu miguuni, wanamsubiri. Alichukua chaki akaiandika ratiba upya, karibu yote kama ilivyokuwa, maana ilikuwa nzuri. Ila juu kabisa, kabla ya mbio na kabla ya kamba, aliandika neno moja: kuuliza.

Kuanzia hapo kila kijana alipofika alisimama mbele ya mwalimu. Semhando alimshika kiwiko cha mkono akamuuliza hali. Kijana akasema nzuri. Mwalimu hakumwachia. Alimtazama machoni, akangoja, akasema, "Ila?" Siku za mwanzo waliona haya, wakacheka, kama nyinyi leo. Kisha mmoja akasema hajala tangu jana. Mwingine akasema sikio linamlia tangu Jumamosi, na huyo hakupanda ulingoni mwezi mzima, wala hakupewa ndoo, kwa sababu ndoo sasa aliibeba mwalimu mwenyewe. Makombe yalipungua. Watu mjini walimdhihaki kwamba Semhando siku hizi analea, hafundishi. Aliwaacha waseme. Vijana wake walirudi makwao wazima, lakini furaha yake ya zamani haikurudi. Bondia wake aliposhinda alimfunika taulo, akamkagua macho, basi. Hakupiga makofi tena.

Lakini neno la Bi Mwanamkasi lilikuwa limeshatoka kwenye mikeka ya hitima likaenda zake. Wanawake walilibeba sokoni, waume zao wakalibeba makazini, na kila aliyelibeba alilipunguza kidogo likawa jepesi kutamkika, mpaka jina la Mbaruku likadondoka njiani.

Miaka mingi baadaye, Semhando akiwa ameshika fimbo, alikwenda stesheni kumpokea dada yake. Wachukuzi walikuwa wakipakia magunia ya chumvi kwenye behewa, na msimamizi wao alikuwa akiwahimiza kwa matusi. Kijana mmoja mwembamba aliinama apokee gunia mgongoni. Midomo ilikuwa imemkauka, miguu inatetemeka. Mchukuzi mmoja mzee akalizuia gunia kwa mikono miwili.

"Bwana mkubwa, muulize kijana hali kwanza," alisema. "Asiyeulizwa hali hujibu kwa kuanguka."

Msimamizi alisonya. Lakini neno lilikuwa limesemwa mbele ya watu, akaona haya kulipuuza. "Haya, we, una nini?"

"Sina kitu, bwana." Kijana akaegemea behewa. "Nina homa tangu juzi."

"Si useme! Kakae kivulini huko."

Kijana akaenda akakaa. Semhando alisimama ameshikilia fimbo yake. Alimsogelea yule mchukuzi mzee akamuuliza, "Ndugu yangu, neno hilo umelipata wapi?"

"Neno gani? Lile? Hilo la wahenga, mzee mwenzangu. La tangu na tangu. Ina maana wewe hulijui?"

"Nalijua," Semhando alisema. "Si la tangu na tangu. Ni la kijana mmoja, alikuwa akiitwa Mbaruku."

Mchukuzi alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyepigwa na jua, akampa pole, akarudi kwenye magunia yake. Semhando akaketi kwenye benchi ya stesheni akalia, mchana kweupe, mbele za watu, bila kujifunika uso. Alimlilia kijana aliyekuwa amekaa kivulini anakunywa maji, mzima, na alimlilia yule ambaye hakuna mtu aliyelizuia gunia lake.

Naye Semhando amekwishakufa, na Bi Mwanamkasi alimtangulia. Mimi nimewatajia jina la kijana kwa sababu wanaolijua tumebaki wachache, na wahenga wana mengi ya kwao, hili wasipewe. Kesho kocha akikushika mkono akakuuliza, usicheke. Mwambie njema yako, kisha umwambie na ile nyingine. Na siku nawe utakapokuwa na watu chini yako, uwe mwalimu, uwe msimamizi, uwe baba wa watoto, usiondoke na njema peke yake. Asiyeulizwa hali hujibu kwa kuanguka.